Betri ya Chumba cha Chanjo

Twalib ndiye aliyekuwa fundi pekee wa chumba cha baridi cha chanjo katika zahanati moja ya binafsi huko Vingunguti. Mitambo iliongozwa na kompyuta ndogo iliyofungwa ukutani, na betri yake, bapa kama shilingi, ndiyo iliyoikumbusha ianzie diski ipi umeme unaporudi. Mwaka ule wa mgao wa umeme betri ilichoka, na mpya ilikuwa haijapatikana. Kila umeme uliporudi, kompyuta ilisahau diski yake, ikabaki na kioo cheusi mpaka Twalib abonyeze vitufe alivyovijua yeye.

"Tuandikie basi na sie," muuguzi Bahiya alimwambia zaidi ya mara moja.

"Nitawaandikia, dada."

Hakuandika. Alipenda kuitwa mbiombio, watu wakisimama nyuma yake kimya.

Kisha mama yake akafariki, naye Twalib akaenda kumzika Chanika. Jumatatu umeme ulikatika na kurudi, lakini baridi haikurudi. Alhamisi asubuhi Twalib alirudi, akakuta akina mama wakirudishwa getini na watoto wao mgongoni, na Bahiya akimwaga shimoni chanjo ya surua iliyoharibika kwa joto.

"Pole na msiba, kaka," Bahiya alisema bila kumtazama. "Simu yako haikupatikana. Tulibonyeza kila kitufe."

Mwezi uliofuata surua iliingia mtaani. Mtoto wa Rukaiya, jirani yake Twalib, aliyekuwa miongoni mwa waliorudishwa siku ile, alifariki. Twalib alikwenda matangani. Rukaiya, asiyejua habari za vitufe, alimshukuru kwa kuja.