Asembla Husoma Mara Mbili

Mwanangu, kuna asubuhi moja nyumbani kwa ami yangu Bakari, mtaa wa Langoni, ambayo nikiikumbuka hadi leo kichwa huniuma. Nakusimulia kwa sababu jana nilikusikia ukisema utaacha masomo ya kompyuta, eti unasoma na huelewi kitu. Usinitolee macho. Nimeshaitwa bibi, na bibi ana haki ya kusikiliza simu za watu.

Ami Bakari alikuwa ndugu mdogo wa baba. Alifanya kazi ya ufundi wa televisheni Mombasa miaka mingi, kisha akarudi Lamu na kompyuta moja nzito pamoja na mashine ya gemu, zile za kutia kaseti, ambazo nyinyi siku hizi mnazililia kama dhahabu. Hata wakati ule zilikuwa zimeshapitwa. Ami hakujali. Alikuwa anatunga gemu yake mwenyewe: punda aliyebeba mawe anapita vichochoroni, na kazi yako wewe mchezaji ni kumpitisha bila kumgonga mtu. Gemu nzima aliiandika kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na mashine. Ukishaandika, programu iitwayo asembla huyachukua maneno yako na kuyageuza nambari ambazo mashine inazielewa.

Tatizo lilikuwa macho. Yalikuwa yanazimika, na daktari alishamwambia kwamba hayatarudi. Maandishi alikuwa hayaoni tena. Alichobakiwa nacho ni mwangaza, na vitu vikubwa akivisogelea sana. Alitaka jambo moja tu, amuone punda wake akitembea kwenye televisheni kabla macho hayajafunga kabisa. Na asembla ilikuwa inaikataa kazi yake. Kila akijaribu inalalamika, na yeye hawezi kusoma inalalamikia nini.

Ndipo nikaitwa mimi, msichana niliyemaliza shule juzi tu, nije nimsomee.

Lo! Nilikaa mbele ya ile skrini kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake. Herufi tatu tatu zimepangwa kushuka chini: lda, sta, jmp. Kuna alama ya dola na hakuna pesa inayozungumzwa. Kuna alama ya reli, hii #, kuna nambari zilizochanganywa na herufi, na maneno mengine yameanza na nukta bila sababu niliyoiona. Kitu pekee nilichokielewa ni yale yaliyofuata nukta-mkato, kwa kuwa asembla huyaruka hayo, na ami alikuwa akijiandikia humo kwa Kiamu chetu, kisemacho 'kuya' kwa kuja na 'ndia' kwa njia: "hapa punda ahema", "hapa angoja mtoto apite".

Nikaanza kusoma kwa sauti. Sikufika mbali.

"Ami, hapa inasema ruka uende 'kichochoro'. Kichochoro ni nini? Hakikutajwa huko juu."

"Neno hilo litakuya mbele. Soma."

Nikasoma kidogo, nikakwama tena. Hii lda inachukua nini? Na hii alama ya reli? Akanijibu kwa upole kwamba penye alama hiyo nambari ni nambari yenyewe, na pasipo alama, nambari ni anwani ya mahali pa kwenda kuitafuta. Nikasema ahaa, kana kwamba nimeelewa. Sikuelewa hata chembe, na mstari uliofuata nikauliza lile lile kwa maneno mengine.

Nilimchosha, mwanangu. Asubuhi ilikuwa inakwenda na bado tuko juu kabisa. Mwishowe akapiga goti lake kwa kiganja na kunikemea, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akimkemea hata paka.

"Zuhura! Hata asembla yenyewe haielewi mara ya kwanza, sembuse wewe? Husoma mara mbili. Mara ya kwanza yapita tu mpaka mwisho, yaokota maneno na kuyua kila moya likaa wapi. Ikikuta neno geni haipigi kelele, yasema hili litakuya, yaenda zake. Mara ya pili ndipo yaunganisha. Wewe wataka kuyua yote na hata ndia huyaipita. Chuoni ulisoma msahafu ukahitimu. Ulikuwa wayua maana?"

 Sikupenda alivyoanza kulinganisha msahafu na kompyuta, na nadhani aliisikia pumzi yangu ikibadilika.

"Sisemi kitu hiki na kile ni sawa, astaghfirullah," akasema. "Nasema ulimi wako umefundishwa kusoma na kungoja. Basi ngoja."

Nikasoma. Nikashuka nayo hadi chini bila kuuliza, nimechanganyikiwa, nina aibu, na nina hasira kidogo ya kukemewa. Nilipofika mwisho nilitaraji atanieleza yote. Hakunieleza. Aliniambia nirudi juu, na akaongeza jambo moja tu: neno lisiloanza na nukta ni nyumba, na linaloanza na nukta ni mtu wa ndani ya nyumba hiyo. Ndiyo maana neno ".rudi" lilikuwa kila mahali bila kugongana, kama vile kila nyumba hapa Lamu ina Fatma wake na hakuna anayepotea.

Mara ya pili sikuelewa yote, usinisikie vibaya. Lakini kichochoro nilikuwa nimeshakikuta kule chini, na sasa nilijua jmp, ile amri ya kuruka, inanipeleka wapi. Nikaingia nyumba ya "punda". Humo kulikuwa na amri ya kwenda kwa ".rudi". Nikaendelea kumtafuta huyo ".rudi", na kabla sijamfikia nikakuta nyumba nyingine imeanza, nyumba ya "sauti", yaani mlio wa kwato. ".rudi" alikuwa baada yake.

"Ami," nikasema, nikiwa sina hakika hata kidogo, "hii nyumba ya sauti umeijenga katikati ya nyumba ya punda. Imemtenga .rudi na watu wake."

Akasogeza uso hadi karibu na skrini, kana kwamba ataisoma.

"Hiyo ya sauti niliitia juzi," akasema. "Nilidhani niko chini kabisa."

Kumbe aliiandika bila kuona yuko mstari gani. Nililia, na sioni haya kukwambia.

Tukaihamisha sauti ikae mwisho. Asembla ikasoma mara zake mbili na haikulalamika. Ami akachoma chipu, yaani akaiandika gemu ndani yake, kwa kisanduku alichojitengenezea mwenyewe, akaitia kwenye kaseti kwa kupapasa, na kaseti kwenye mashine. Akavuta kiti hadi pua ikakaribia kugusa kioo cha televisheni.

Punda akatokea, mkubwa na mweupe. Akaanza kutembea, mkia mbele.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kuliko asubuhi yote. Nimwambie? Na kama haoni, nimvunje moyo kwa nini? Akisema anamuona, nitajuaje kwamba hanipozi tu mimi? Nikachagua lililo jepesi.

"Mashallah, ami, mzuri sana."

"Mzuri?" akasema. "Zuhura, mbona punda wangu aenda kinyumenyume?"

Alikuwa amemuona! Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka upya. Nilipotaka kutafuta kosa lilipo, alinizuia, akataka nimwache tu. "Muwate ende zake," akasema, na akamtazama hivyo hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Haukupita mwezi baada ya hapo, macho yakafunga.

Basi sikiliza, mwanangu. Usikiache kitu kwa sababu kimekuchanganya mara ya kwanza. Mara ya kwanza ni ya kupita tu na kujua vitu vinakaa wapi. Pita mpaka chini hata kwa hasira, hata kwa aibu. Kisha rudi juu uanze tena, maana wengi wenu mkifika mwisho mnadhani mmeshaelewa. Na ukikuta neno la mtu usilojua maana yake, la mwenzio au la mzazi wako, usipige kelele papo hapo. Huenda maelezo yake yako mbele. Mimi bado kuna mengi nayasoma kwa mara ya pili, na mengine ya tatu.

Mungu akuzidishie subira, akuhifadhie macho yako, na siku yatakapochoka akupe mtu wa kukusomea asiyekuficha kitu. Amin.