Pindo Alivyoanza Kufumua Nguo Nzima

"Kaka yako ananifukuzia wateja," mjomba alinivamia kabla sijaingia vizuri karakanani. "Mwenye koti yuko njiani, na koti lenyewe bitana huku, mikono kule. Nimpe vipande?"

Nilikuwa natoka kupandisha makabati ghorofani, mgongo unalia. Nikamwambia ugomvi wake auanze polepole, sina nguvu ya kujibu.

Kaka tunamwita Pindo, maana pindo lake la suruali hata ulimulike kwa tochi hulioni. Mjomba ndiye mwenye karakana ya ushonaji, na ana msemo wake: fundi asiyefumua hajui kushona. Ndiyo maana Pindo alipoanza kufumua nguo ambazo hazina kosa, mjomba alimsifu mbele ya wenzake. Pindo akageuza cherehani ikatazama ukuta, akaacha kula na watu, bado mjomba anasema kazi imemkolea. Nyumbani mama naye alikuwa na majibu yake. Halali? Mawazo ya ujana. Anacheka peke yake? Basi kuna msichana.

Siku hiyo mjomba alitaka nimrudishe nyumbani akili itulie. Mama akaja, akasema sawa, ila hospitali hapana, huko ni kwa walioshindikana, na mwanawe hajamrushia mtu jiwe. Nikamuuliza kama tunasubiri arushe kwanza.

Nikachuchumaa kando ya cherehani. Pindo alikuwa na wembe, anafungua kola ya shati zima kabisa. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Wananiteta," akasema, taratibu, kama anayetaja vipimo. "Wako ndani ya nguo. Nikifungua hii wanahamia ile."

Mjomba akaguna kicheko. Nikamkata jicho.

"Mimi siwasikii, kaka. Wala sikubishii. Ila naona umechoka kuliko mimi niliyebeba makabati."

Akaacha kufumua, akasema, "Usingizi nautaka."

"Basi twende tukautafute."

Akaniwekea wembe kiganjani. Mama akabeba viatu vya Pindo, maana alitaka kutoka peku, akatufuata hadi hospitali.

Daktari alikuwa mama wa makamo, amechoka kama sisi. Alimuuliza Pindo mwenyewe, si sisi: sauti zinasema nini, zinamwamrisha ajidhuru, anavuta kitu? Akampima na damu. Akasema huu ni ugonjwa, una dawa, na afadhali tumekuja mapema, wengine wanaletwa wamefungwa kamba. Akatuonya tusimcheke, tusibishane naye, na tusiache vidonge eti kwa sababu kapata nafuu.

Nafuu yenyewe inajivuta. Mwanzoni alilala kama gogo, halafu mkono ukaanza kutetemeka, mama akataka kutupa dawa chooni. Tukarudi, daktari akapunguza dozi. Sauti bado zipo, anasema zimeshuka kama redio ya jirani. Karakanani anashona vifungo tu, anaondoka mapema.

Leo nimempitia, nikamkuta mjomba keshaanza tena: makoti yamejaa, vifungo hata mtoto anashona, huyu atapona lini? Nilikuwa nafungua mdomo, Pindo akaniwahi.

"Makoti bado, mjomba. Kichwa kikiwa tayari nitakwambia mwenyewe."

Mjomba akamtazama, akatazama rundo la makoti, akavuta kiti, akaanza kulishona la juu yeye mwenyewe, ananung'unika.

Nje dereva wa lori alikuwa anapiga honi, kuna vitanda vya kushusha. Nikamwambia Pindo asisahau kula, nikatoka.