Watoto wa Ng'ambo Wasimame

Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipotoka, shule yetu ilikuwa imeshuka tena, na watu walikwisha kupata wa kulaumiwa. Nafundisha Kiswahili katika sekondari msingi ya serikali, gredi ya saba hadi ya tisa, Busia ya upande wa Kenya, karibu sana na mpaka. Wanafunzi wetu wengi huvuka asubuhi kutoka Uganda. Wa Bulumbi, ng'ambo ya mpaka, huja wamebeba viatu mkononi kwa sababu ya umande, hupenya kati ya malori yaliyopanga foleni, na kuvivaa getini. Kwa miaka yote niliyofundisha hapa hakuna aliyewauliza kitu.

Mwalimu mkuu aliitisha mkutano wa wazazi. Kabla hatujaingia ukumbini alinivuta kando.

"Madam, leo pima maneno. Mwenyekiti amekuja na watu wake, wanataka watoto wa ng'ambo wafukuzwe."

Mwenyekiti wa wazazi aliuza saruji mjini. Hakuwa mtu mbaya. Vyoo vya wasichana ni yeye aliyevijenga. Lakini binti yake alikuwa gredi ya tisa, na hofu ya mtihani ilikuwa imemkaba kuliko hata huyo binti. Hakuzunguka mbuyu. Aliniita mbele ya wazazi wote, na wanafunzi wameketi nyuma wanasikia.

"Mwalimu, wewe ndiye unayesahihisha. Ni kweli au si kweli kwamba watoto wa ng'ambo ndio wanaotushusha?"

Mimi mwenyewe nilizaliwa Paya, kule Tororo, Uganda, nikaja huku kwa kuolewa. Wengi ukumbini hawakulijua hilo.

"Katika Kiswahili, ni kweli," nilisema. "Wengi wao hawakukisoma shule ya msingi. Wanakijua cha sokoni tu. Lakini hisabati—"

"Mmesikia wenyewe!"

Makofi yalilipuka. Nilipaza sauti kwamba katika hisabati watoto hao ndio wanaotubeba, kwamba hata mimi nimetoka huko huko. Hakuna aliyenisikia. Jibu langu lilikuwa limekatwa katikati, na ile nusu waliyoitaka wakaondoka nayo.

"Watoto wa ng'ambo wasimame," mwenyekiti akasema. "Wazazi wawaone."

Mwalimu mkuu aliinuka nusu, akakaa tena. Nyuma hakuna aliyetikisika, nami moyoni nikawa naomba: kaeni, wanangu, kaeni hivyo hivyo. Kisha msichana mmoja wa gredi ya nane, mrefu, mpole, yule ambaye mwalimu wa hisabati alimtumia kusahihishia wenzake, akasimama. Akanyoosha sketi yake, akatazama mbele. Akafuata mwingine. Kisha safu nzima. Binti wa mwenyekiti alibaki ameketi, rafiki zake wawili wamesimama kulia na kushoto kwake, naye ameinamisha kichwa hadi magotini.

Walikuwa wengi kuliko mtu yeyote alivyodhani. Mama mmoja aliyekuwa akishangilia alisema kwa sauti ya chini, "Yule si mtoto wa dada yangu?" Mwenyekiti akarudi kuketi. Mwalimu mkuu akaomba sala fupi, tukatawanyika bila uamuzi.

Jumatatu yule msichana hakuja. Wala Jumanne. Nilianza kuogopa, kwa sababu upande wa Uganda hakuna gredi ya nane, na sekondari za huko hazimpokei asiyefanya mtihani wao wa darasa la saba. Angerudishwa darasa la saba, akae na wadogo zake, na msichana mkubwa akirudishwa hivyo, mara nyingi haichukui muda kusikia ameolewa.

Jumatano alasiri nilipanda boda nikavuka. Nilimkuta yeye na baba yake wakipalilia mihogo. Baba hakuacha jembe.

"Mwalimu, kama unakuja kutuhesabu tena, hesabu na mbuzi."

Nilimwomba msamaha kwa yaliyotokea. Kisha nikamuuliza msichana kwa nini alisimama.

"Niliona kama nakaa, nitakuwa kama mtu ameiba," alisema. Hakuwa akinitazama. "Sasa kila mtu anajua. Shule ikianguka, watasema ni mimi."

"Mimi pia ni wa ng'ambo. Nilizaliwa Paya. Nililisema pale mkutanoni, kelele zikanifunika."

Baba akasimamisha jembe.

"Basi utasema tena," akasema. "Kesho nakwenda naye mimi mwenyewe. Huyo mwenyekiti aambie mimi, asiambie mtoto."

Asubuhi alifika na baiskeli, amevaa koti la kanisani, bintiye amekaa nyuma akiwa na sare. Mwenyekiti aliitwa. Ofisini tulikaa magoti yakikaribia kugusana, na mwalimu mkuu akawa anapanga kalamu zilizokwisha kupangika. Nilisema kwanza, safari hii hadi mwisho: Kiswahili, hisabati, Paya. Mwenyekiti alinitazama kama mtu mgeni.

Baba akasema, "Nyumba yangu nilijenga na saruji yako. Pesa yangu pia ni ya ng'ambo. Mbona hujaiambia isimame?"

Nilidhani wangepigana. Mwenyekiti alivimba shingo, kisha mabega yakamshuka.

"Mzee, nina mtoto anafanya mtihani mwaka huu. Naogopa."

"Hata mimi naogopa," baba akajibu.

Hawakupeana mikono. Lakini msichana aliingia darasani kipindi cha pili, na habari ya kuwafukuza haikuletwa tena mkutanoni. Nikaanza kufundisha Kiswahili saa ya chakula, kwa yeyote anayetaka, na binti wa mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuleta kiti. Matokeo yalipanda kidogo tu. Yule msichana sasa yuko gredi ya tisa. Wavulana wawili waliosimama siku ile hawakurudi kamwe. Mmoja nasikia anasukuma mizigo mpakani, wa pili sijui aliko, na nimeuliza.