Lori Ambalo Tajiri Hakulipanda

Sikwenda Moshi kutembea. Nalisema hili mwanzo kwa sababu hapa Kirua Vunjo yameshasemwa mengi: eti nimemfuata mume kazini kama askari, eti kidato cha nne kimenipanda kichwani. Nilikwenda kwa sababu mume wangu, Baba Neema, alikuwa anaondoka siku hiyo na lori la mahindi kwenda Tanga, na jicho lake la kulia halioni.

Halioni kabisa. Ukimwekea sahani ya kiburu upande wa kulia, atauliza chakula kiko wapi. Neema, mtoto wetu, ndiyo kwanza anatambaa, na baba yake ameshamkanyaga mkono akiwa upande huo huo. Mwenyewe anasema ni vumbi la saruji, litatoka. Vumbi gani linakaa jichoni tangu kabla mtoto hajazaliwa?

Daktari mmoja huko mjini alimpima kwa ajili ya leseni. Alimwuliza, "Unaona?" Akajibu, "Naona." Muhuri ukagongwa. Hata ng'ombe mnadani hufunuliwa mdomo akatazamwa meno! Lakini siku hizi biashara imefunguliwa, kila mwenye duka amejinunulia lori lililochoka huko Ulaya, na lori linataka dereva. Jicho moja linatosha, ilimradi mzigo ufike.

Mzigo wa safari iliyotangulia haukufika. Baba Neema aliingia na saruji kwenye kipilefti, ule mzunguko wa barabara pale mjini. Kwenye kipilefti anayetoka kulia ndiye mwenye njia, na aliyetoka kulia alikuwa muuza maziwa na baiskeli yake. Baba Neema alimwona akiwa ameshafika mbele ya bampa. Akakata usukani, lori likalala ubavu, muuza maziwa akavunjika mguu.

Baba mkwe wangu akafanya kama wafanyavyo wazee wetu. Alikata isale, lile jani letu la kuombea msamaha, akabeba na mbege, pombe ya ndizi, akaenda kumwomba msamaha tajiri, yaani mwenye lori, ambaye ni Mchagga wa Masama na desturi anaijua. Isale likifika mlangoni hulikatai, na likipokelewa kesi imekwisha. Tajiri akalipokea. Wazee wakanywa, Baba Neema akarudishiwa ufunguo, na kila mtu akafurahi kana kwamba lile jani limemtibu jicho. Kwa muuza maziwa hakuna aliyepeleka hata jani la mgomba.

Asubuhi ile nilimfunga Neema mgongoni, nikateremka kwa miguu kati ya migomba na kahawa hadi mahali pikapu ya ndizi inapopakia. Nikapata nafasi juu ya mikungu, pamoja na akina mama waendao sokoni. Mmoja, mtu mzima mwenye kilemba chekundu, akaniuliza nakimbilia wapi na mtoto mchanga.

"Shikamoo mama. Nakwenda kumtoa mume wangu kwenye lori."

"Marahaba. Mae! Wenzio wanasali novena waume wapate lori, wewe unamtoa wa kwako?"

"Wa kwako anaona?"

"Anaona wanawake tu. Wengine hawaoni."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha yule mama akasema taratibu, "Ila mwanangu, utakula nini?" Bei ya kahawa mnaijua wenyewe.

Tulipofika mjini niliomba kushuka kwenye kipilefti. Nilitaka kupaona. Saruji iliyomwagika ilinyeshewa mvua, ikagandia juu ya majani kama uji uliopoa, na ndani yake kuna kandambili moja iliyonasa. Fundi viatu anayekaa pembeni akanishauri nisisogee.

"Hiki kipilefti kina mwenyewe, dada. Kinakula malori. Watu wanataka kichinjiwe mbuzi."

"Na dereva asiyeona achinjiwe nini?"

"Aa, mimi nashona viatu tu."

Huo ndio mji wetu. Lori likianguka la kwanza, ni shetani. Likianguka la pili, ni mbuzi. Kumfunua dereva jicho ukalitazama, hakuna mwenye muda.

Mtaa wa Njoro nilifika jua limeanza kuchoma. Malori ya tajiri hulala kwenye uwanja nyuma ya gereji. La mume wangu lilikuwa limeshapakiwa, wapakiaji wanakaza kamba, na Baba Neema anapiga matairi teke kuyapima. Aliponiona alijua. Tajiri yeye alikuwa kwenye benchi na bakuli la supu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Neema. Umemletea mwenzio chakula cha njiani?"

"Nimeleta neno. Jicho lake la kulia halioni."

"Mama Neema," mume wangu akasema kwa sauti ya chini, "usinitie aibu mbele za watu."

Tajiri akafuta mdomo. "Hayo yamekwisha. Nimepokea isale. Unataka kufukua alichozika baba mkwe wako?"

"Sifukui, mzee. Umemsamehe, ahsante. Sasa panda."

"Nipande wapi?"

"Lori lako. Kaa kushoto kwake, akuzungushe kile kipilefti mara moja tu, akurudishe hapa. Mimi na mtoto tutakaa katikati. Ukirudi mzima nakwenda zangu, hutanisikia tena."

Wapakiaji wakaacha kamba. Mmoja akapiga kelele kutoka juu ya magunia, "Panda, tajiri! Lori ni lako!"

Tajiri akasema ana mtu anamsubiri benki. Nikamwambia kipilefti si Tanga. Akasema magoti yanamsumbua, ngazi ya lori ni ndefu. Hapo uwanja mzima ukaangua kicheko, maana asubuhi ile ile walimwona juu ya mzigo akivuta turubai kama kijana.

Mimi nilikuwa tayari kwa mengine, lakini Baba Neema ndiye aliyesogea. Alikuwa amevua kofia.

"Tajiri, panda basi. Nitakwenda polepole."

"Aloyce, wewe ondoka uende Tanga. Mimi sina habari za kuzungushana na wanawake."

"Tanga ni mbali, tajiri. Hapa ni karibu. Panda tu."

Tajiri alimtazama, akatazama lori, akachukua bakuli lake la supu, akaingia ndani ya gereji. Hakutoka. Mume wangu akauweka ufunguo juu ya benchi, akachukua begi lake la nguo.

Kabla ya kupanda mlima kurudi kwetu nilimpeleka kwa daktari wa macho, daktari kweli, mwenye taa ndogo ya kumulikia. Alimulika, akashtuka.

"Nani alikuruhusu kuendesha?"

"Daktari," akajibu Baba Neema.

Alituambia ni mtoto wa jicho, amekomaa, na upasuaji upo ila foleni ni ndefu. Tukaondoka. Tuliposhuka kwenye pikapu na kuanza kupanda kwa miguu, mume wangu akasema:

"Umeniaibisha."

"Ndiyo."

"Angepanda, ningempeleka vizuri."

"Hakupanda," nikamwambia. Akamchukua Neema kutoka mgongoni kwangu, akambeba yeye.

Nilichokianza Moshi nilikuja kukimalizia uani kwa baba mkwe. Mzee alikuwa ameshapata habari kabla yetu. Alinikaripia amesimama: nimedharau isale, nimemvunjia heshima, na kesho hakuna jirani atakayepokea jani kutoka nyumba hii.

"Baba," nikasema, "isale limesamehe ajali iliyopita. Inayokuja tungeipelekea isale gani?"

Angenifukuza, nadhani. Lakini mwanawe akamkatiza, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Baba, tajiri alikataa kupanda lori na mimi. Kipilefti kimoja tu."

"Alikataa yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nilimwomba nikiwa nimevua kofia."

Mzee akakaa. Akatema mate pembeni, akayafukia kwa kisigino.

"Basi huyo hakupokea isale," akasema. "Alipokea mbege."

Na ilikuwa mbege nzuri. Niliipika mimi.