Raba za Watu Wawili

Niliacha shule mapema, na tangu hapo miguu yangu haikujua kutulia mahali. Bahati yangu ilikuwa urefu. Kampala ya wakati wa wanajeshi, mtu mrefu aliyejua kudunda mpira wa kikapu hakuulizwa cheti. Posta walinipa kazi ya kugonga mihuri ili Jumamosi niwachezee. Nilipochoka na mihuri nikahamia kiwanda cha nguo, kisha reli. Kazi ilikuwa jina tu. Mshahara ulitoka kwenye mpira. Kila mahali nilikaa mpaka nikajua mambo yote, nani anamwogopa nani na chai nzuri inapikwa chumba gani, halafu hamu ikaniisha nikaondoka.

Timu hazikunisumbua kupata. Raba ndizo zilizonisumbua. Wahindi walipofukuzwa, maduka yalibaki na vumbi kwenye rafu, na mguu wangu ni mkubwa kama kasia. Kulikuwa na mchezaji wa timu ya polisi, kijana wa kaskazini ambaye marehemu baba yake naye alikuwa polisi. Tulikuwa na mguu wa kipimo kimoja, mimi na yeye. Siku mtu wa magendo alipoleta raba nyeupe za ukubwa wetu, tulizinunua pamoja.

Polisi walizoea kucheza mechi ya kwanza, sisi wa reli ya pili. Akitoka uwanjani alikaa kwenye saruji, akavua, akanirushia zikiwa zimelowa.

"Vaa, mtu wa reli. Nimekupashia moto."

"Mguu yako inanuka kama beberu."

"Basi leo utaruka kama beberu."

Timu zetu zilipokutana, yeye alicheza kipindi cha kwanza, mimi cha pili. Asiyecheza alisimama kando pekupeku, na watu walicheka hata mwamuzi akashindwa kupuliza filimbi.

Kisha timu ya polisi ikaenda Nairobi kwa mashindano, raba zikaenda naye. Wakati ule polisi na wanajeshi wa kwao walikuwa wakipotea mmoja mmoja, na mtu wa kaskazini aliyevuka mpaka hakutarajiwa kurudi. Kweli, baadhi ya wenzake walibaki huko huko. Lakini Ijumaa jioni yeye alisimama mlangoni pangu Kisugu, raba zinaning'inia shingoni.

"Umerudi?" Sikuweza kuficha mshangao.

"Ningekaa huko, kesho ungecheza na nini? Na ndala?"

"Mimi sitanii. Wenzako wamekaa."

"Wao hawana mama hapa Kisugu." Halafu akacheka. "Na hawana mtu wa raba."

Sentensi hizo mbili nimezipima miaka yote, nikitaka kujua ipi ilikuwa nzito. Sijui.

Kesho yake alicheza, akanirushia raba, nikaingia. Tulikuwa katikati ya mchezo nilipowaona wanaume wawili wenye mashati ya maua wamesimama karibu naye. Walizungumza kwa upole, kama watu wanaouliza njia. Aliniangalia, akanyoosha kidole kwenye miguu yake mitupu. Nilidhani ni utani wetu wa siku zote. Nikamkonyeza, nikaendelea kudunda mpira. Filimbi ilipolia nilitazama tena. Gari lilikuwa linatoka getini, yeye katikati ya wale wawili. Watazamaji wote walikuwa wanaangalia kikapu, hata wale waliokuwa wamekipa mgongo kikapu.

Wenzake wa polisi waliniambia kwamba waliorudi waliulizwa na watu wa usalama habari za waliobaki. Wengine waliulizwa wakaachiwa. Yeye hakuonekana tena.

Mama yake aliuza samaki wakavu Kisugu. Hakulia. Kulia kungekuwa kumzika, na hakujua kama kuna wa kuzikwa. Kila jioni alimwekea chakula, akakifunika kwa sahani, na asubuhi akakila mwenyewe kikiwa baridi.

"Wewe unapita kila mahali," aliniambia. "Unajua kuuliza. Nitafutie mtoto yangu. Nijue tu, nikae vipi."

Timu ya askari wa magereza, njia ya Port Bell, ilikuwa imenitaka siku nyingi. Nikaacha reli nikaenda. Uwanja wao ulikuwa ndani ya ua, na mvua ikinyesha wafungwa waliletwa kufagia maji kabla ya mazoezi. Sikutazama nyuso, nilitazama miguu. Mguu kama wetu haufichiki. Msimu wote niliinama nikifunga kamba za raba na kumwuliza kwa sauti ndogo yeyote aliyepita na ufagio. Mwishowe mfungwa mmoja mzee alisimama karibu nami, anasukuma dimbwi.

"Kijana, huku tunahesabiwa asubuhi na jioni. Mtu mrefu hivyo tungemjua. Waliofika huku wana bahati. Rafiki yako hakufika."

Nikampelekea mama maneno hayo kama yalivyo. Akawa anapanga samaki ambao walikuwa wamekwisha kupangwa. Kisha akaniomba raba. Kwao, alieleza, mtu asipoonekana mwili, huzikwa kitu chenye jasho lake, roho isizurure. Mashati yake yote alikuwa ameyafua mwenyewe, akimngojea.

"Mama, na jasho yangu imo."

"Si mbaya. Atakuwa na mwenzake."

Mji mzima haukuwa na raba nyingine za mguu wangu, na bila raba nisingekuwa mchezaji wa timu yoyote. Nilikwenda kuzichukua. Sikuzifuta.

Tulikwenda pamoja stesheni, apande treni ya kwao kaskazini. Alizifunga kwa kanga, akaziweka ndani ya beseni kichwani. Kwenye lango askari alimsimamisha.

"Mama, kwa beseni iko nini?"

"Raba."

Akafunua kanga, akapiga mluzi. "Hii ya nani, ya twiga?"

"Ya mtoto yangu."

"Mwambie aje acheze na sisi jeshini. Tunatafuta watu warefu."

Mama akazifunika taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala.

"Nitamwambia," akasema.

Askari akamsaidia kurudisha beseni kichwani. Treni ilipoondoka nikarudi Kisugu kwa miguu, na ndala zangu. Katika chumba chake mama alikuwa ameacha ile sahani ya kufunikia, imeoshwa, imegeuzwa juu chini.

Jumamosi kocha wa magereza aliniona nimekaa kando pekupeku, akauliza raba ziko wapi.

"Zimesafiri," nikamwambia.

"Zitarudi lini?"

Mpira ulidundia upande wangu. Niliudaka, nikamrushia.