Mama wa Mizani

Kwenye kiwanja chetu cha ndege abiria hupimwa pamoja na vikapu vyao, maana ndege yenyewe ni ndogo. Mama wa mizani huziba namba kwa kiganja chake kipana, foleni isichungulie, kisha humwambia kila mtu, "Umepungua, mwenzangu!" Hata Siosaia, ambaye mizani hulia akiikanyaga, huambiwa hivyo. Juzi alipanda mizani bibi Losaline, anarudi tena hospitali ya mjini Nuku'alofa. Mama akaziba namba, akakawia kidogo.

"We bibi! Umenenepa! Nani anakupikia?"

"Teremka, bibi, utatuangushia ndege!" Siosaia akadakia.

Losaline akacheka mpaka akashika ukuta. Siku hiyo magimbi yetu yote yalipakiwa, hata kile kikapu cha Siosaia kinachobakishwa kila safari kwa kuzidisha uzito. Hakuna aliyeuliza nafasi imetoka wapi.