Kengele Kwenye Shingo Ngeni

Nicanor Bustos hakuweza kukaa kitini mpaka chai yake iishe. Aliinywa akizunguka uani, kibuyu mkononi na mrija mdomoni, akikagua magurudumu aliyokwisha kuyakagua jana. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa amebeba ngano ya mashamba yetu hadi stesheni ya Talas Chicas, kwa gari lenye magurudumu yaliyomzidi mtu urefu, likivutwa na farasi kumi na wawili. Mkewe, Delfina, alizoea kuwaambia majirani kwamba anaujua mgongo wa mumewe kuliko uso wake.

Msimu ule alikuwa na sababu ya kutotulia. Rufino Peralta alikuwa amenunua lori, na wakulima walikuwa wakimhamia mmoja baada ya mwingine. Alibaki Baudino, mwenye shamba kubwa la kaskazini. Huyo naye alimwita Nicanor akamwambia bila kuzunguka kwamba mzigo wa mwisho wa magunia ufike stesheni Jumamosi, kabla treni ya saa nane mchana haijaondoka. Akiwahi, mavuno ya mwakani yangekuwa yake. Akichelewa, yangekwenda kwa Rufino. Nicanor alijua kwamba bila Baudino angelazimika kuuza farasi, na bila farasi hakujua angeamka asubuhi aende wapi.

Alhamisi mvua ikanyesha. Barabara ikawa tope tupu, lori la Rufino likabaki bandani, na watu dukani wakampongeza Nicanor kana kwamba mvua ameileta yeye. Hakucheka. Alikuwa akimwaza madrina.

Madrina ni farasi jike asiyevuta kitu. Kazi yake ni kutembea na kengele shingoni. Gari likisimama kwa mapumziko, yeye peke yake hufungwa kamba. Wengine huachwa huru wale nyasi, na maadamu wanaisikia kengele, hawaendi mbali. Madrina wa Nicanor alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mwaka huo alianza kuchechemea. Kumngoja njia nzima kungemgharimu Nicanor nusu siku. Basi akamvua kengele, akaifunga shingoni mwa jike kijana, na yule kizee akamwacha zizini.

Delfina alimwona, akamuuliza kama farasi wenyewe wamekubali. Nicanor akajibu kwamba farasi hufuata kengele, hawaulizi imevaliwa na nani.

Ijumaa alipakia kwa Baudino, akajikokota kwenye tope hadi jua likazama, akasimama kilomita tisa kabla ya mji. Akamfunga jike kijana, akawafungulia wengine, akajilaza juu ya magunia.

Alfajiri aliisikia kengele, akashuka moyo ukiwa mwepesi. Jike kijana alikuwa palepale, akitikisa shingo peke yake. Farasi kumi na wawili hawakuwepo.

Alilizunguka gari mara mbili, kana kwamba farasi kumi na wawili wangeweza kujificha nyuma ya gurudumu. Ndipo akaona nyayo kwenye tope, zote zikielekea mjini, nyumbani kwake. Akampanda jike bila tandiko, akazifuata huku akijitukana kwa sauti.

Kwenye daraja la mbao akakutana nao. Mbele alikuwa Delfina, amempanda madrina anayechechemea, na nyuma yake farasi wote kumi na wawili wamejipanga kimya kama watoto wanaokwenda komunyo ya kwanza. Delfina alikuwa amefungua mlango kabla hakujapambazuka, akawakuta wamemzunguka yule kizee, pua zao juu ya waya wa zizi, na mwenye nao haonekani.

Alimtazama mumewe kuanzia kofia hadi viatu.

“Umekufa, au umekuwa mjinga tu?”

“Mjinga.”

“Afadhali. Nguo nyeusi nilishaitoa sandukuni, na imenibana.”

Nicanor alilitazama jua, akihesabu saa zilizobaki.

“Twende, mzee,” Delfina akasema. “Utaniomba msamaha njiani.”

Walirudi kwenye gari, wakawafunga farasi hatamu, kengele ikarudi kwenye shingo yake ya zamani, na gari likaenda kwa mwendo wa madrina. Kila Nicanor alipoinua mjeledi, Delfina aligeuza kichwa, na mjeledi ukashuka. Kilomita tisa zile, alisema baadaye, zilimzeesha kuliko ile miaka thelathini na sita.

Waliingia stesheni treni ikiwa imeshapiga honi ya kwanza. Baudino alikuwa amesimama na saa mkononi. Rufino, aliyekuja kutazama, akauliza kama siku hizi Don Nicanor huletwa mjini na mkewe.

“Mzigo umefika, Rufino,” Delfina akamjibu kutoka juu ya farasi. “Lori lako liko wapi?”

Baudino akarudisha saa mfukoni, akampa Nicanor mkono. Mavuno ya mwakani yakawa yake.

Lakini madrina hangefika mwakani akitembea, na farasi hawapewi madrina mpya kwa kufungiwa kengele tu. Lazima wafungiwe naye zizini majira yote ya baridi, wale naye, walale naye, mpaka mwendo wake uwakae masikioni; na mwenye nao awepo kila siku. Kwa hiyo, ili apate barabara tena, Nicanor Bustos ilimbidi akae nyumbani miezi minne.

Tulimwona kila asubuhi kwenye waya, akisikiliza kengele. Delfina alimletea kiti. Kikaota kuvu kwa umande, hakuna aliyekikalia.